UZI MAALUMU: Kidude cha OBD kwenye Nissan Leaf – kusoma kwanza, kubadilisha baadaye

Betri_Kavu (mwanzisha uzi, Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni.

Ujumbe unaojaa kwenye simu yangu siku hizi ni mmoja: "Fundi, Leaf yangu imetoka bandarini, niwekee ile programu inayoongeza kilomita." Leaf, kwa wageni, ni gari la umeme la Nissan. Nimeamua kufungua uzi ili nikiulizwa tena niwe natupa kiungo tu. Jibu fupi: hakuna programu inayoongeza kilomita. Jibu refu ni hili hapa chini, vuta kiti.

Tunazungumzia kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD2, ile ya kupimia gari kwa kompyuta, yenye matundu 16 chini ya dashibodi upande wa dereva, kisha kinaongea na simu kwa Bluetooth. Mafundi wetu wote wanaijua soketi hiyo. Wengi wasichojua ni kwamba iliwekwa kwa ajili ya moshi. Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, Ulaya ikafuata 2001 kwa petroli na baadaye dizeli. Gari la umeme halitoi moshi, kwa hiyo hakuna aliyewabana watengenezaji waweke taarifa za betri kubwa kwa lugha moja. Kila kampuni ina yake. Ndiyo maana fundi anachomeka mashine aliyozoea kupimia Toyota, inasoma mambo mawili matatu, halafu anakwambia "gari lako zima kabisa bosi". Mashine haijaona tatizo kwa sababu haijui pa kutazama.

Kwa Leaf, programu inayojua pa kutazama ni LeafSpy. Haina uhusiano na Nissan. Ipo ya Android na ya iPhone, na ipo Lite na ipo Pro. Pro unailipia mara moja basi, hakuna habari ya kukatwa kila mwezi. Kama unataka kujua tu hali ya betri, anza na Lite. Pro ndiyo yenye ukurasa wa kusoma na kufuta misimbo ya hitilafu na kubadili mipangilio michache ya gari, nitaufikia.

Sasa kidude. Chipu iliyoanzisha biashara hii inaitwa ELM327, ya kampuni ya Kanada iliyoitwa Elm Electronics, ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Matoleo yake ya zamani yalinakiliwa sana, na leo vinavyouzwa mtaani karibu vyote ni nakala. Kikiwa kimeandikwa "v1.5", Elm hawakuwahi kutoa toleo hilo, kwa hiyo umeshajua unashika nini. Kikiwa kimeandikwa "v2.1" na kinauzwa bei ya chipsi mayai, mara nyingi kimepunguzwa amri za ndani: kitasoma Vitz vizuri, kwenye Leaf kitakatakata au kitagoma kabisa. Mimi natumia OBDLink, ghali kidogo. Vgate iCar Pro na Veepeak nimeona vikifanya kazi kwa watu wengi. Wenye iPhone: hakikisha ni Bluetooth ya aina ya BLE, la sivyo simu haitakiona hata ukikichomeka mpaka kesho.

Ukishaunganisha, usikimbilie kubofya. Soma kwanza. Vitu vya kutazama:

SOH ni afya ya betri kwa asilimia. Ah ni ujazo wake. Leaf yenye betri ya 24 kWh ikiwa mpya inakaa kwenye 65 na ushee. GID ni kipimo cha umeme uliomo muda huo, kimoja ni kama watisaa 77 hadi 80, na ile ya 24 ikiwa mpya na imejaa ilionyesha 281. Zidisha mwenyewe: ni kama kWh 22 za kutumia, siyo 24 za kwenye karatasi. Halafu kuna ukurasa wenye chati ya vijiti 96. Huo ndio ninaoupenda kuliko zote, kwa sababu kila kijiti ni jozi ya seli na unaona volti ya kila moja. Kuna pia joto la betri kwa nyuzi kamili badala ya vile vialama vya kwenye mita, na idadi ya mara gari limechajiwa kwa chaja ya kasi.

Hilo la joto lisikupite. Betri ya Leaf, kuanzia ile ya kwanza ya Desemba 2010 hadi 62 kWh ya 2019, haina maji ya kuipoza. Inapoa kwa hewa inayopita tu. Kwa Dar hii, gari likishinda juani kwenye lami Posta, jioni betri haijapoa hata kama wewe umeshapoa. Mimi huwaambia wateja wapange chaji ianze usiku wa manane, na hilo halihitaji kidude wala programu, limo kwenye mipangilio ya gari lenyewe.

Karibuni kwa maswali. Wanaouza "programu ya kuongeza kilomita" nao wakaribie, tuwasikilize.

---

Kijana_Mdadisi

Shukrani mkuu, nimeweka kambi hapa. Swali langu: mita ya Leaf ina vile vijiti 12 vidogo pembeni vinavyoonyesha uzima wa betri. Kama vyote 12 vipo, kuna haja gani ya kutoa hela kwa kidude? Kuna moja nimeitolea macho yadi fulani, ya 2014, vyote 12 vinawaka.

---

Betri_Kavu

Dogo, swali zuri, na ndiyo sababu kubwa ya huu uzi.

Kwanza, vijiti vile havihesabu sawasawa. Cha kwanza hakidondoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15. Baada ya hapo kila kimoja ni kama asilimia 6 na robo. Kwa hiyo vijiti 12 vinaweza kuwa betri ya asilimia 100 au ya 86, mita haikwambii tofauti. Hapo sijagusa ujanja wa mtu.

Pili, ujanja wa mtu. Kuna mashine ya mafundi wa Nissan inayoweza kuiambia kompyuta ya betri ianze kuhesabu upya. Kazi yake halali ni pale betri inapobadilishwa kweli. Mwenye nia mbaya anaitumia kwenye betri ileile iliyochoka: vijiti vinarudi vyote, vinang'aa, gari linauzwa. Kompyuta inaanza kujifunza ukweli taratibu, vijiti vinaanza kupukutika kimoja kimoja, wakati huo muuzaji hapokei tena simu.

Nikupe mfano. Yadi moja hapa mjini, sitaitaja. Leaf ya 2013, 24 kWh, vijiti 12, mteja wangu ameshaanza kutabasamu. Nikachomeka. SOH 99, Ah 65. Yaani kama limeshuka kiwandani jana, kwenye gari ambalo mita inasoma zaidi ya kilomita elfu themanini. Hapo palepale nikajua, lakini kumwonyesha mteja namba tu haitoshi, muuzaji atasema "Mjapani anatunza gari".

Nikaomba tulizungushe mpaka chaji ishuke kwenye robo. Tukapanda na Barabara ya Morogoro kuelekea Kimara, simu mkononi, chati ya seli imefunguka. Kwenye tambarare vijiti 96 vimelingana kama meza. Tulipoanza mlima nikamwambia dereva kanyaga mafuta, samahani, kanyaga umeme. Vijiti vyote vikashuka pamoja, ndivyo inavyotakiwa, isipokuwa viwili vilivyo jirani. Wenzao wako kama volti 3.6, hivyo viwili vimezama kwenye 3.3. Milivolti 300. Viwili jirani kwenye betri ile maana yake ni moduli moja imekufa nusu. Siku chaji ikishuka zaidi, gari litawasha taa ya kobe na kukuacha unatambaa wakati mita bado inasema una umeme.

Kompyuta unaweza kuidanganya irudi 99. Seli ikibebeshwa mzigo haidanganyiki. Muuzaji akasema simu yangu mbovu. Sawa.

Kwa hiyo hiyo yako ya 2014: iombe ikiwa na chaji ndogo, siyo imejaa. Betri ikijaa hata seli mbovu inajificha. Gari likiwa limetulia, tofauti kati ya seli ya juu na ya chini ikiwa chini ya milivolti 30 uko salama. Kisha ipandishe mlima.

---

Mama_Umeme_254 (Nairobi)

Wadau hamjambo. Nimefuata hii thread, sorry, uzi, kutoka kwa dadangu wa Arusha. Mimi ni dereva wa teksi ya Leaf hapa Nairobi, ile ya 30 kWh ya 2016. Nilinunua LeafSpy juu ya stima ya nyumbani: nilitaka kujua nachomeka kiasi gani usiku na bili ya Kenya Power inakuja kiasi gani. Hapo imenisaidia sana, siwezi kuteta.

Shida yangu ni SOH. Inateremka haraka kuliko ya rafiki yangu ambaye ako na 24 ya zamani zaidi. Barabara ni hizo hizo, chaji ni hiyo hiyo, na Nairobi hakuna joto kama la huko kwenu. Betri yangu imeoza ama ni nini?

---

Betri_Kavu

Dada, kabla hujalia, sikiliza kisa cha New Zealand. Wale nao wanaendesha Leaf za mtumba kutoka Japani kwa wingi kama sisi. Kuna mradi wa wananchi huko unaitwa Flip the Fleet, wamiliki walikuwa wanatuma vipimo vya magari yao, vingi vikitoka kwenye LeafSpy hiyohiyo. Mwaka 2018 walipochambua, wakakuta Leaf za 30 kWh zinaonekana kupoteza afya haraka mno, karibu asilimia 10 kwa mwaka, mbio kuliko 24 za zamani. Watu wakapagawa, bei zikayumba.

Nissan wakachunguza, wakasema tatizo ni hesabu: programu ya kompyuta ya betri kwenye 30 kWh ilikuwa inapima vibaya. Wakatoa programu mpya, magari yaliyosasishwa yakapanda SOH bila mtu kugusa seli hata moja.

Funzo kwako la kiufundi: LeafSpy haipimi betri. Inasoma kile ambacho kompyuta ya betri inaamini. Kompyuta ikikosea, LeafSpy inakosea nayo kwa uaminifu kabisa. Fanya kipimo cha mkono: chaji mpaka ijae, endesha siku yako ya kawaida, tazama umetumia kWh ngapi mpaka ilipofika asilimia ndogo, na utazame chati ya seli ikiwa na mzigo. Kama seli zimelingana na kilomita unazozipata hazijapungua sana, betri ni nzima na hesabu ndiyo mbovu. Na hiyo hesabu LeafSpy haiwezi kuitibu, inahitaji mashine ya Nissan.

---

Mama_Umeme_254

Hapo umenipunguzia presha. Kilomita sijaona zikipungua vile. Nitafanya hiyo ya kuhesabu Jumapili, siku sina wateja wengi.

---

Mzee_wa_Kabureta

Nyie vijana mnahangaika. Sisi tulikuwa tunaweka sikio kwenye boneti tunajua plagi ya ngapi haichomi. Leo gari likiwasha taa mnaangalia simu.

Lakini niulize kwa nia njema. Nina kijana kaniletea Leaf, taa za njano zimewaka kama Krismasi. Nikapata hicho kidude, programu ikaniletea misimbo karibu ukurasa mzima, mingi inaanza na herufi U. Nikaifuta yote, ikazima. Baada ya siku chache imerudi. Hii betri kubwa imekwisha?

---

Betri_Kavu

Shikamoo mzee wangu. Usiguse betri kubwa. Tazama betri ndogo, ile ya volti 12 ya kawaida kabisa, ipo chini ya boneti.

Misimbo inayoanza na U ni ya mawasiliano: kompyuta hii inasema haikumsikia mwenzake. Betri ndogo ikichoka, asubuhi gari linapoamka volti zinashuka, kompyuta moja inachelewa kuamka, zote nyingine zinamshtaki. Ukurasa mzima wa misimbo, chanzo kimoja. LeafSpy inaonyesha volti za betri ndogo. Gari likiwa limelala usiku kucha na halijawashwa, ukikuta chini ya 12 umempata mwizi. Badilisha betri ndogo, ndipo ufute misimbo, uone kama inarudi.

Kuhusu kufuta, hapa nawasema wote na siyo mzee peke yake: piga picha ya skrini kabla hujafuta. Msimbo ndiyo maelezo pekee aliyonayo fundi anayefuata. Na mnunuzi akikuta gari halina msimbo hata mmoja, wakati muuzaji anakwambia limekaa miezi yadi, ajiulize ni nani amefuta na lini.

Jingine linalohusu betri hiyohiyo ndogo: usiache kidude kimechomekwa. Tundu namba 16 la OBD lina umeme muda wote hata ukizima gari. Kidude cha bei poa hakilali, kinanyonya usiku kucha. Watu wamelala na gari zima wameamka limekufa, wakalaumu Leaf.

---

Mzee_wa_Kabureta

Marahaba. Nimepima. 11.6. Nimenyamaza.

---

Mbongo_Oslo

Wakuu, salamu kutoka kwenye baridi. Nataka nilete upande wa pili, wa kubadilisha mipangilio, maana huku ndiyo mchezo wa kila siku. Mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme, kwa hiyo mtumba wa umeme umejaa na kila mtu ana kidude.

Nilikuwa na VW e-Golf. Kwa gari hilo unatumia OBDeleven au VCDS, programu za magari ya VW zenye vidude vyake, na gari linafunguka kama kitabu: vioo vijikunje ukifunga mlango, kioo cha kulia kiiname ukirudi nyuma uone ukingo wa barabara, mishale ya mita icheze ukiwasha, mlio mdogo ukifunga. Mambo ambayo mengine kiwanda kiliyauza kama nyongeza ya kulipia, kumbe vifaa vimo tayari kwenye gari, vimezimwa tu.

BMW i3 nayo ina kisa kitamu. Ile yenye kainjini ka petroli ka kuzalisha umeme, Ulaya dereva aliweza kukawasha mapema chaji ikiwa chini ya asilimia 75 ili aitunze betri kwa ajili ya mlima ulio mbele. Marekani BMW wakalizima hilo kwenye programu, gari lisubiri mpaka betri ikaribie kuisha, ili likubalike kwenye kundi maalumu la sheria za California. Hata tangi la petroli lilipunguzwa kwa programu, kutoka galoni 2.4 hadi 1.9, chuma ni kilekile. Wamarekani wakawa wanachomeka kidude, wanafungua BimmerCode na wenzake, wanarudisha vyote viwili. Kwao ilikuwa suala la usalama, maana gari likifika juu ya mlima betri tupu, kainjini kale peke yake kanalivuta kwa tabu.

Lakini mlango unafungwa. Volkswagen kuanzia Golf 8 na ID.3, mwaka 2020, wameweka kufuli wanaloliita SFD: hata ukiwa na kidude kizuri, kubadilisha kitu kunahitaji kibali kutoka kwenye seva yao kwanza. Na kanuni ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa kompyuta za magari, R155, imekuwa ya lazima kwa magari yote mapya Ulaya tangu Julai 2024. Kwa hiyo wenye magari ya zamani huko nyumbani, furahieni wakati bado yako wazi.

---

Mvita_Baharini (Mombasa)

Asalam aleikum jamaa. Mbongo, maneno matamu, lakini sisi huku hatuna e-Golf. Tuna Leaf. Nyinyi mwasema kubadilisha, kubadilisha. Leaf yabadilishwa nini hasa? Mimi langu ni moja tu: nikipanda na kuanza kwenda, milango haijifungi. Mtaani kwetu jioni hilo si jambo dogo, mke wangu huendesha peke yake.

---

Betri_Kavu

Waaleikum salaam shehe. Kwa hilo, LeafSpy Pro itakufaa. Ndani ya ukurasa wa Service kuna sehemu ya kufuli za milango: unachagua zijifunge gari likianza kwenda au likitoka kwenye P, na zijifungue lini. Kiwanda kimeiacha hivyo kwa soko la Japani, siyo kwamba gari haliwezi.

Namna ninavyofanya: gari limewashwa kamili, limesimama, kwenye P, breki ya mkono juu. Napiga picha ya skrini ya mipangilio ilivyo kabla. Nabadili kitu kimoja tu, nazima gari, nasubiri dakika chache, nawasha, najaribu. Kikifanya kazi ndipo nagusa kingine. Anayebadili vitu vitano kwa mpigo hajui kipi kimemletea tabu.

Kingine ni vipimo vya upepo wa tairi, kwa gari lenye vihisi hivyo. Ukibadilisha rimu au ukizungusha tairi za mbele kwenda nyuma, unaviandikisha upya humohumo, gari lijue nani yuko wapi.

Na basi. Ndiyo, basi. Ukiacha kufuta misimbo, Leaf kwa LeafSpy haina orodha ndefu kama ya mkuu wa Oslo. Mimi binafsi sioni hasara. Hivi vidude vinalipa zaidi kwa kile vinachokuonyesha kuliko kwa kile vinachokuruhusu kuchezea, hasa sisi tunaonunua betri iliyotumiwa na mtu tusiyemjua.

---

Mvita_Baharini

Imekubali! Milango yafunga nikianza kwenda. Mke kaniuliza ni gari jingine. Allah akulipe.

---

Kijana_Mdadisi

Mimi tena. Je, lugha ya Kijapani kwenye skrini ya redio? Na redio yenyewe haipati stesheni zetu, inaishia 90.

---

Betri_Kavu

LeafSpy haibadili lugha ya skrini. Lugha imo ndani ya programu ya redio yenyewe, OBD haifiki huko. Watu hung'oa redio yote wakaweka ya Android. Sawa, ila angalia kwanza toleo lako: baadhi zenye ramani ya kiwandani, ratiba ya chaji na ya kiyoyozi hupangwa humohumo kwenye redio. Ukiing'oa, ratiba nayo imeondoka. Mita ni habari nyingine, piga picha menyu zake na utumie programu ya kutafsiri kwa kamera, ukishajua kitufe kipi ni kipi hutahitaji tena.

Masafa: Japani FM yao ilianzia 76 ikaishia 90, yetu inafika 108. Weka ekspanda ya masafa nyuma ya redio kwenye waya wa antena, kama ulivyoona kwenye Vitz na IST zote. Hakuna cha OBD hapo.

---

Mbongo_Oslo

Niongeze la usalama. Kidude chenye nywila 1234 kikiachwa kimechomekwa, aliye karibu na gari lako akiwa na simu anaweza kuunganisha nacho. Na msidharau namba ya chesisi. Februari 2016 watafiti wawili, Troy Hunt na Scott Helme, walionyesha kwamba programu ya simu ya Leaf wakati ule ilihitaji tarakimu za chesisi tu: Hunt akiwa Australia aliwasha kiyoyozi cha gari la Helme lililokuwa Uingereza. Nissan wakaizima huduma hiyo kwa muda. Kwa hiyo mkipachika picha za LeafSpy humu, futeni namba ya chesisi kwanza.

---

Betri_Kavu

Kweli kabisa. Kuna picha mbili juu huko ningeomba moderita azifiche.

---

Mama_Umeme_254

Nimerudi. Nilihesabu Jumapili. Seli zimelingana, kilomita ziko sawa, SOH ndiyo inajisemea yake. Sasa rafiki yangu anataka kuagiza 40 kWh moja kwa moja kutoka Japani, na unajua Kenya gari ikipita miaka minane haiingii, kwa hivyo hana nafasi ya kukosea. Yule muuzaji amemtumia screenshot ya LeafSpy, SOH 91. Aamini?

---

Betri_Kavu

Picha ya skrini inaweza kuwa ya gari lolote duniani. Aombe video moja isiyokatwa: ianze kwenye namba ya chesisi, iende kwenye mita ionyeshe kilomita na asilimia ya chaji, kisha simu ikiwa imeunganishwa, ukurasa wa SOH na Ah, halafu chati ya vijiti 96. Kwa 40 kWh, Ah ya betri mpya ni kama 115, kwa hiyo 91 ya kweli itakuwa karibu na 105. Zikitofautiana sana na hapo aulize.

Aombe pia iwe kwenye chaji ya asilimia 30 au chini. Muuzaji akisema gari limejaa na hawezi kulishusha, aombe lingine. Japani zipo nyingi.